Muulize Bwana Afya: Marumaru zinang'aa, mbona tumbo linauma?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka jikoni: kwa mama lishe, kwa wenye migahawa, na kwa walaji waliokula wakajuta. Nimechagua saba. Wasomaji wapya wajue kwamba nimefanya kazi ya uafisa afya Tanga na Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na kuna jambo nalishikilia bila kuyumba: sisi wakaguzi tumezoea mno kutazama kuta, na tunatazama kidogo mno mikono na saa. Mtaliona hilo katika majibu.

Shikamoo Bwana Afya. Mimi ni mama lishe hapa Buguruni, nauza wali, ugali, maharage na samaki wa kukaanga. Afisa alipita akasema banda langu halina sakafu ya saruji wala sinki, akanipa wiki mbili. Maji nanunua kwa madumu. Fedha ya kufanya yote sina. Nianze na kipi?

Marahaba, mwanangu. Sakafu ya saruji amekudai kwa haki, maana ya udongo haisafishiki. Usimkimbie huyo afisa. Mfuate kabla ya wiki mbili kwisha, umweleze utafanya nini na lini, na umwombe aandike kwenye fomu yake. Afisa mwenye busara humwongezea muda mtu anayemwona anahangaika kutengeneza.

Kwa fedha uliyo nayo leo, anza na maji ya kunawa. Nunua ndoo mbili zenye koki, moja ya wateja na nyingine iwe pale unapopikia, ya kwako peke yako, na kila moja iwe na sabuni pembeni. Beseni ambalo wateja kumi wanatumbukiza mikono kwa zamu liondoe leo hii. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kisha kikasambaa mikoa mingi, tulikuwa tukiingia kwenye vibanda na kitu cha kwanza kutafuta ni hicho: maji yanatiririka, au yamekaa kwenye chombo kila mtu anachovya? Maji ya madumu hayana ubaya yakitibiwa kwa klorini na kufunikwa, na yakichotwa kwa koki au kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kinachozama pamoja na vidole.

Pili, vyombo. Panga mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la klorini. Ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kama lebo yake inaonyesha asilimia 3.5, tia kijiko kimoja cha chai kwa kila lita ya maji safi, na uache sahani zizame dakika mbili. Maji ya beseni la sabuni yakishakuwa na rangi ya mchuzi, yamwage. Najua maji ni fedha. Punguza maji ya kufagilia vumbi mbele ya banda, usipunguze hayo.

Sasa kitambaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimekiona katika vibanda na nimekiona katika hoteli zenye viyoyozi. Asubuhi kinafuta meza. Mteja akimwaga mchuzi kinafuta mchuzi. Mpishi anashikia sufuria ya moto, anajifutia jasho la mkono, anapangusia upawa. Kati ya kazi na kazi kinashinda kimeviringishwa pembeni ya jiko, kina unyevu, kina mafuta, kina vuguvugu. Ikifika saa tisa mchana ukikinusa kina uchachu, na uchachu huo ni vijidudu vimeshazaliana humo. Kisha sahani inatoka kwenye yale mabeseni matatu, imeoshwa kwa jasho lako, na unaikausha kwa kitambaa hicho hicho! Kazi yote imekwenda bure. Sahani isifutwe kabisa. Mtafute fundi akutengenezee kichanja cha mbao au cha nondo, sahani zianikwe zikijinamia, zikauke kwa hewa, na juu zifunikwe chandarua cha nzi. Cha meza kiwe cha meza tu, kibadilishwe mara kadhaa kwa siku na kichemshwe jioni.

Ukishafika hapo, sinki na saruji vitafuata biashara ikikua, na afisa akirudi atakukuta na vitu vya kumwonyesha.

Bwana Afya, mimi na wenzangu wanne tulikula mchana kwenye mgahawa unaosifiwa sana hapa Dodoma. Sakafu ni marumaru, wahudumu wamevaa kofia, cheti kimebandikwa ukutani. Watatu tulichukua wali wa nazi kwa nyama, wawili wakachukua ugali kwa nyama hiyo hiyo. Tulikula saa saba. Saa tisa na nusu sisi watatu tukaanza kutapika mfululizo, kesho yake tukawa wazima. Wale wa ugali hawakupata chochote. Mwenye mgahawa anasema chakula kilikuwa kinafuka moshi, haiwezekani. Nani mkweli?

Inawezekana mkawa wakweli nyote. Maabara haikupima chakula hicho, kwa hiyo simhukumu mtu. Lakini ningekuwa zamu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa mpishi lingekuwa: wali ule ulipikwa saa ngapi, na wa siku gani?

Mchele mbichi huja na bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Yumo kwenye udongo, kwa hiyo yumo kwenye nafaka, hata ukiuosha mara nne. Ukipika, wengi wanakufa, ila wengine hujifunga katika ganda gumu linalovumilia mchemko. Wali ukiliwa wa moto au ukitunzwa wa moto, hakuna tatizo. Ukiachwa sufuriani jikoni usiku kucha, umefunikwa, ukipoa polepole, yale maganda hufunguka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ndani ya wali wenyewe. Sumu hiyo ndiyo inayotapisha, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Na moto hauiondoi. Unaweza kuurudisha wali huo motoni mpaka ufuke moshi, ukaua bakteria wote, na sumu ikabaki pale pale. Ndiyo maana neno la mwenye mgahawa, kwamba chakula kilikuwa cha moto, halimtoi kwenye swali langu.

Tazama jinsi barua yako ilivyonisaidia: umetaja saa ya kula, saa ya kutapika, na nani alikula nini. Nyama mlikula wote watano, wali mlikula watatu, na walioumwa ni hao watatu. Saa nazo zinasema. Kutapika ndani ya saa chache kunanifanya niwaze sumu iliyokwisha kuumbika katika chakula, iwe ya wali uliolala au ya mpishi mwenye kidonda kidoleni. Tumbo kusokota na kuhara baada ya saa nane mpaka kumi na sita, bila kutapika sana, nawaza sufuria kubwa la supu au nyama iliyoachwa ikapoa yenyewe. Homa na kuhara siku ya pili, nauliza habari za kuku na mayai. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, kwa hiyo anayekwambia kala chipsi jana na leo kapimwa ana taifodi ya chipsi hizo, mwambie asubiri kulaumu. Watu hukilaumu chakula cha mwisho walichokula, na mara nyingi siye mkosaji.

Siku nyingine yakitokea, mpigieni afisa afya wa kata siku hiyo hiyo. Kama kuna mabaki, yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko ndani ya friji, yasimwagwe. Andikeni saa. Afisa akija wiki inayofuata atakuta sufuria limesuguliwa na hatakuwa na la kupima.

Na cheti kile ukutani? Kinakwambia jengo lilifaa siku lilipokaguliwa. Marumaru ni nzuri, zinaoshwa kwa urahisi, nami nimezidai kwa watu wengi. Lakini hakuna marumaru inayopoza wali. Mwenye mgahawa apike mara mbili, asubuhi na kabla ya mchana, badala ya sufuria moja kubwa la kushinda. Uliopikwa ukae juu ya nyuzi joto 60 mpaka unapopakuliwa. Unaobaki utandazwe kwenye masinia, kina kisizidi vidole vitatu, upoe haraka na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, sio sufuria zima la moto lisukumwe humo likapashe moto na vingine. Kama friji hamna, au umeme wa kukatika ndio mwenyeji wenu, unaobaki usiuzwe kesho.

Najua kiporo cha wali wa nazi na chai ya rangi asubuhi kina wapenzi wake, nami nimelelewa nacho. Nyumbani kwangu siku hizi kinalala kwenye friji au hakilali kabisa.

Bwana Afya, hujambo? Nina hoteli ndogo ya chakula Mombasa na wafanyakazi wanane, wote wana vyeti vya afya vya miezi sita. Juzi mpishi wangu wa chapati alikuwa akienda msalani kila mara, akasema ni pilipili tu. Cheti chake kina miezi minne mbele. Nilimwacha aendelee. Ingefaa nimrudishe nyumbani?

Ndiyo, ingefaa, na akae huko mpaka zipite saa 48 tangu alipoharisha mara ya mwisho. Cheti ni habari ya siku aliyopimwa. Mtu anaweza kupimwa Jumatatu akaambukizwa Alhamisi. Vyeti vipimwe kwa wakati kama sheria inavyotaka, kwenu Kenya na kwetu Tanzania, lakini visikufumbe macho kwa mtu aliyesimama mbele yako anashika tumbo.

Kwa nini alisingizia pilipili? Nadhani unajua. Analipwa kwa siku, na akirudi nyumbani hajalipwa. Kuna kisa cha Mary Mallon, mpishi wa New York aliyekuwa akieneza homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuumwa. Alikamatwa mwaka 1907, akatengwa, akaachiwa 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapewa kazi ya kufua iliyolipa kidogo. Akabadili jina, akarudi jikoni, na mwaka 1915 ugonjwa ukalipuka katika hospitali ya wazazi alikokuwa akipika: watu 25 waliugua, wawili wakafa. Akatengwa tena mpaka alipofariki 1938. Watu humsimulia kama mtu mwovu. Mimi namwona mfanyakazi ambaye hakuna aliyemfidia ujira wake.

Kwa hiyo tangaza leo mbele ya wote wanane: anayeharisha, anayetapika, mwenye jipu au kidonda mkononi, aseme na hatakatwa ujira wa siku hizo. Mwenye kidonda kidogo kilichofungwa plasta isiyopitisha maji na glavu juu yake anaweza kufanya kazi ya kaunta. Hasara ya ujira wa siku mbili utaifidia. Hasara ya wateja kulazwa huifidii.

Assalaam aleikum. Huku Wete tulinunua jodari, akapikwa vizuri sana, harufu hana. Dakika chache baada ya kula, uso ukawa mwekundu, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Shemeji anasema ni aleji ya samaki, lakini mimi samaki nimekula maisha yangu yote.

Waaleikum salaam. Haielekei kuwa aleji. Jodari, vibua na samaki wa jamaa yao wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza kitu kilichomo kwenye nyama yao kuwa histamini, sumu inayoleta dalili zinazofanana na za aleji. Haitoki kwa kupika, kukausha wala kugandisha, na samaki anaweza asinuke. Wengine huhisi kama pilipili ulimini wanapomla. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, ila anayebanwa na pumzi au kuzimia akimbizwe hospitali. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: barafu iliwekwa chomboni au ufukweni? Ikiwa chombo kimerudi baada ya saa nyingi hakina barafu, muache huyo jodari.

Shikamoo mzee wangu. Naishi Leicester, Uingereza. Nataka kupika nyumbani na kuuza biriani, sambusa na mkate wa ufuta kwa oda. Naogopa ukaguzi wa huku. Watatazama nini?

Marahaba. Usiogope. Jiandikishe kwa halmashauri ya mji siku 28 kabla ya kuanza. Ni bure na hawakatai mtu. Baada ya hapo afisa atakuja na kukupa alama kati ya 0 na 5. Anapima vitu vitatu: unavyoshika na kupika chakula, hali ya jiko lenyewe, na kama unaweza kumwonyesha kwamba unajua unachofanya na unakiandika. Hicho cha tatu ndicho kinachowaangusha wapishi wetu. Mtu anapika kwa usafi wa hali ya juu, lakini akiulizwa joto la friji anasema "baridi tu". Nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya chakula. Friji isizidi nyuzi 8 kisheria, wengi huweka 5 au chini yake. Chakula cha moto kisishuke chini ya 63. Andika kila siku kwenye daftari.

Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu hatulitaji: vitu 14 vinavyodhuru wenye aleji, ambavyo lazima mteja aambiwe. Ufuta ni mmoja wao. Korosho ulizonyunyiza kwenye biriani, maziwa ya mtindi, ngano ya manda za sambusa, vyote vimo. Usiseme "kidogo tu hakidhuru". Kwa mtu mwenye aleji kali, kidogo hicho kinaua.

Nami naionea gere ile stika ya alama mlangoni. Wales wameilazimisha tangu 2013, Ireland ya Kaskazini tangu 2016. England, huko uliko wewe, bado ni hiari. New York nao hubandika herufi tangu 2010. Huku kwetu ripoti ya ukaguzi hulala ndani ya faili la halmashauri na mlaji hajui lolote. Ningetamani kabla sijafa nione kibanda cha mama lishe wa Buguruni kimebandikwa namba ya juu kuliko mgahawa wa marumaru, kwa haki, na watu wapange foleni kwake.

Bwana Afya, kila mkaguzi akija hapa Morogoro anataka "hela ya maji", la sivyo anatafuta kosa. Nifanye nini?

Usitoe. Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Kinachoingia mfukoni ni rushwa. Mwombe kitambulisho, mwombe aandike makosa aliyoyaona na sheria anayoitumia, kisha usaini na ubaki na nakala. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamruhusu kuingia na kukagua, haimruhusu kuuza ukaguzi. Akiendelea, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au manispaa, ambaye ndiye mkubwa wake, au piga simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bila malipo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni watu wa kazi yangu. Mkaguzi anayelipwa ili asione ndiye anayeacha sufuria la jana lipakuliwe leo. Lakini nawe hakikisha makosa anayoyatafuta hayapo. Ni rahisi kusimama wima ukiwa na kichanja, sabuni na vyeti vyote mkononi.

Mimi ni mlaji tu, wa Moshi. Jikoni siruhusiwi kuingia. Nitazame nini kabla ya kuagiza?

Tazama mkono unaopokea fedha: kama ndio unaochukua chapati bila koleo, ondoka. Tazama kabati la kioo la sambusa na kuku, uguse kioo. Kikiwa vuguvugu tu tangu asubuhi, usinunue humo, agiza kinachotolewa kwenye karai sasa hivi. Nenda unawe mikono na upite chooni. Mwenye hoteli asiye na sabuni chooni kwa wateja hana sabuni ya mpishi pia, maana mara nyingi choo ni hicho hicho. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kukaa wazi iache. Mwombe muhudumu akukatie nyanya na kitunguu upya. Wengi hukubali bila neno.